Moyo wa Sati ulianguka wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Tanga. Jirani yetu, mama wa Kigujarati ambaye tumekua tukimwita shangazi, amesafiri kwenda India kuhiji Ambaji. Kabla hajaondoka alinieleza kwamba huko ndiko ulikoanguka moyo wa Sati, mungu wa kike, na kwamba kuna sehemu 51 za namna hiyo. Nilipoingia mtandaoni kusoma zaidi nikachanganyikiwa. Wengine wanasema moyo ulianguka Deoghar, mbali kabisa na Gujarat. Hesabu nazo hazilingani: mara 4, mara 18, mara 108. Asili ya kisa hiki ni ipi, na nani anasema kweli? Tena shangazi alisema humo hekaluni hamna sanamu ya huyo mungu. Hapo ndipo nilipopotea kabisa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeshika penyewe, maana hiyo mioyo miwili ndiyo mlango mzuri wa kuingilia. Ila tuanze na kisa chenyewe, kwa namna ambayo shangazi yako alisimuliwa utotoni.

Daksha alikuwa mwana wa Brahma, mungu muumbaji, mtu wa heshima zake na mwenye kujua kila kanuni ya ibada. Binti yake Sati akampenda mungu Shiva, na Shiva si mkwe wa kujivunia mbele za watu: anajipaka majivu, anavaa nyoka shingoni, anashinda kwenye viwanja vya kuchomea maiti, nywele hazijui kitana. Ndoa ikafungwa, lakini moyo wa Daksha haukutulia. Siku moja akaandaa tambiko kubwa la moto, akaalika miungu wote isipokuwa binti yake na mumewe. Shiva akamwambia mkewe, tusiende tusikoitwa. Sati akajibu kwamba nyumbani kwa baba hakuendewi kwa kadi. Akaenda. Alipofika, hakuna aliyempisha mahali pa kukaa, na baba yake akaanza kumtukana Shiva mbele ya wageni wote. Sati hakuvumilia. Wengine wanasema alijitupa kwenye moto wa tambiko, wengine kwamba aliuwasha moto ndani ya mwili wake mwenyewe kwa nguvu za kutafakari. Kwa vyovyote, alikufa palepale.

Shiva alipopata habari alinyofoa msokoto wa nywele zake akaupiga chini, akatoka Virabhadra, jitu la hasira, likaenda kuvuruga tambiko na kumkata Daksha kichwa. Baadaye Daksha alifufuliwa, lakini kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimeshateketea, alipachikwa cha beberu. (Watoto wa Kihindu hupenda sana sehemu hii.) Halafu Shiva akambeba mkewe begani na kuanza kuzunguka dunia, analia, anacheza ngoma ya maangamizi, na ardhi yote inatikisika. Miungu wakaogopa. Vishnu, mungu mlinzi wa ulimwengu, akamfuata nyuma na kile kisahani chake chenye makali, akawa anaukata mwili wa Sati kipande kimoja kimoja, hadi Shiva akajikuta hana mzigo begani, akarudi mlimani kutafakari. Sati naye alizaliwa upya akiwa Parvati, binti wa Himalaya, akaolewa na Shiva kwa mara ya pili.

Kila palipoanguka kiungo au pambo la Sati pakawa pitha, neno la Kisanskriti lenye maana ya kiti. Shakti ni nguvu, tena nguvu ya kike inayouendesha ulimwengu. Kwa hiyo shakti pitha ni kiti cha nguvu hiyo, na kando ya kila kimoja Shiva amekaa kwa sura yake ya ukali, Bhairava, kama mlinzi wa mkewe.

Sasa nikuonyeshe mshono ulipo, kwa sababu kisa hiki ni vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja.

Kitambaa cha kwanza ni tambiko la Daksha, nalo ni la kale sana. Limo kwenye Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India. Limo pia kwenye Bhagavata Purana (Purana ni vitabu vya visa vya miungu), likiwa na Sati, matusi, moto na kichwa cha beberu, ila hapo linaishia. Hakuna maiti inayobebwa wala kiungo kinachodondoka. Kitambaa cha pili ni mahali penyewe. Mahabharata hiyohiyo, inapotaja mahali pa kuhiji, inataja mabwawa matakatifu yenye majina ya tumbo la uzazi na ya matiti ya mwanamke, watu wakienda kuoga humo ili wapate baraka, na haisemi neno kuhusu Sati. Halafu maandishi ya siri ya Wabuddha, yaitwayo Hevajra Tantra, yanahesabu viti vinne vikubwa, Kamarupa, yaani pande za Assam, kikiwemo. Hayo ni maandishi ya Wabuddha! Mwili wa mke wa Shiva hauwahusu.

Mshono unaonekana wazi kwenye Kalika Purana, kitabu kilichoandikwa pande za Assam au karibu yake, yapata karne ya 10 au 11. Humo maiti inabebwa na viungo vinaanguka, lakini Vishnu hana kisahani: yeye, Brahma na Shani, yule wa sayari ya Zohali, wanaingia ndani ya maiti na kuikatakata kutokea ndani. Viti vinavyotajwa ni saba tu. Devi Bhagavata, Purana nyingine, inasema Vishnu alitumia mishale, na inatoa majina 108. Kisahani tunachokiona kwenye picha za kalenda ndicho kilichowashinda wenzake, na hesabu ya 51 inatokana na orodha za Kibengali za baadaye. D. C. Sircar, mtaalamu wa maandishi ya kale ya India, alizikusanya orodha hizo na kuzichambua mwaka 1948, na yeyote anayeandika kuhusu jambo hili leo anatembea juu ya kazi yake hata asipomtaja.

Kuna shahidi mwingine ninayempenda zaidi, kwa kuwa hakuwa Mhindu. Mwishoni mwa karne ya 16, Abul Fazl, waziri na mwandishi wa mfalme Akbar, alikiandika kisa hiki kwenye Ain-i-Akbari, kitabu cha habari za dola ya Akbar. Kwake mwili uliangukia sehemu nne: Sharada kule Kashmir, Tuljapur huko Dekani, Kamakhya upande wa mashariki, na Kangra chini ya Himalaya. Abul Fazl alikuwa na watu wa kumpelekea habari kutoka kila jimbo, na bado akapata nne. Basi hesabu ilikuwa inakua bado.

Mbona basi 51 ndiyo iliyokaa? Alfabeti ya Kisanskriti huhesabiwa herufi 50 au 51, na kwa wafuasi wa Shakti kila herufi ni mama, ni sauti iliyoumba kitu. Mwili wa Sati ukigawanywa kwa idadi ya herufi, ardhi nzima inakuwa kama maandishi yanayoweza kusomwa kwa miguu. Nafasi zikishakuwa 51, kila jimbo linataka yake. Ndiyo maana orodha mbili za 51 hazikubaliani, na ukijumlisha madai yote ya mahekalu yote utapata Sati mwenye viungo vingi kuliko binadamu yeyote.

Tuje kwenye moyo. Orodha maarufu ya Kibengali inauweka Vaidyanath, yaani Deoghar, katika jimbo la Jharkhand. Deoghar ni mahali pa Shiva kwanza: mwezi wa Shravan, wakati wa mvua, watu huchota maji ya Ganga kule Sultanganj na kuyabeba mabegani kwa miguu zaidi ya kilomita 100 kwenda kummwagia. Lakini ukitazama juu utaona nyuzi nyekundu zimefungwa kutoka kilele cha hekalu la Shiva hadi kilele cha hekalu la Parvati lililo mkabala, kama vile Wahindu wanavyofunga nguo ya bwana harusi na ya bibi harusi. Watu wa huko hawaoni la kubishania: moyo wa mke uko ulipo mume.

Wagujarati nao hawaoni la kubishania. Ambaji iko kaskazini kabisa mwa Gujarat, mpakani na Rajasthan, kwenye milima ya Arasur, na hapo Amba, yaani Mama, aliabudiwa muda mrefu. Ukiniuliza nani mkweli, nakujibu hivi: hakuna hati ya kuamua, na hakuna mwenye mamlaka ya kuitoa. Uhindu hauna ofisi moja kuu ya kusajili mahali patakatifu. Mahali huwa patakatifu kwa sababu watu wanakwenda na kurudi wakiwa na la kusimulia. Kwa maoni yangu, Amba alikuwa Arasur kwanza, na moyo wa Sati ulimfikia baadaye, kama ukoo unaopata jina la babu mkubwa ili ujiunge na koo nyingine. Shangazi yako anaweza kukataa, na ana haki yake.

Sasa hilo la sanamu. Ndani ya hekalu la Ambaji kuna kishubaka ukutani, na ndani yake kuna yantra, mchoro wa ibada uliochorwa kwenye madini. Waumini hawaruhusiwi kuutazama, sembuse kuupiga picha. Kuhani anayeuhudumia hujifunga kitambaa machoni. Mbele ya kishubaka hupangwa nguo, taji na mapambo kwa ustadi mkubwa, hata ukisimama kwenye foleni na kuchungulia unaona mama ameketi juu ya simba, na kila siku ya juma mnyama anabadilika. Unachokiona ni nguo. Mwenyewe haonekani. Wenyeji wanasema asili yake hasa iko juu ya kilima cha Gabbar, mwendo mfupi kutoka mjini, ambako taa haizimwi mchana wala usiku. Pale chini ya Gabbar, miaka ya 2010 serikali ya jimbo ilijenga njia ya kuzunguka kilima yenye nakala za viti vyote 51, ili mtu asiye na nauli ya kufika Assam au Nepal avizuru vyote asubuhi moja. Wapo wanaocheka. Mimi naona ni jambo la Kihindu kabisa.

Na Ambaji haiko peke yake. Viti kadhaa vyenye sifa kubwa, ukivitazama kwa karibu, havina sanamu ya kuchongwa. Hili ndilo linalonifanya niamini kwamba mahali pametangulia na kisa kimefuata.

Jwalamukhi, kule Himachal, ndiko ulikoanguka ulimi. Ukiingia ndani hukuti mtu wala mfano wa mtu. Unakuta mwamba wenye nyufa, na kwenye nyufa ndimi za moto, za buluu, fupi, zinacheza bila kuni wala mafuta. Ni gesi asilia inayopenya kutoka chini. Kwa ajili ya ndimi hizohizo, katika miaka ya 1950 wajiolojia walichimba visima pande zile wakitafuta gesi. Hekaya ya huko inasema Akbar, huyohuyo wa Abul Fazl, alijaribu kuuzima moto kwa maji akashindwa, akaleta mwavuli wa dhahabu kama zawadi, na mama akaugeuza ukawa madini yasiyo na thamani ili kumshusha kiburi.

Kamakhya ndiyo inayoheshimiwa kupita zote, na hapa nitakaa kidogo. Iko juu ya kilima cha Nilachal katika mji wa Guwahati, mto Brahmaputra ukipita chini yake. Paa lake limevimba kama mzinga wa nyuki. Hekalu la zamani lilibomolewa, na hili la sasa lilijengwa upya na mfalme Naranarayan wa Koch mwaka 1565. Ndani unashuka ngazi za mawe, nyembamba, zenye utelezi, na kila hatua mwanga unapungua mpaka unabaki na taa ya samli na mikono ya watu wanaokusukuma kwa nyuma. Chini kabisa kuna mwamba wenye ufa, umefunikwa nguo na maua, na chemchemi inaulowesha muda wote. Kuhani anakwambia piga magoti, gusa, kunywa maji kidogo. Hapo ndipo ilipoanguka sehemu ya uzazi ya Sati.

Kila mwaka mwezi wa Juni, mvua za masika ya huko zinapoanza na Brahmaputra kujaa, hekalu linafungwa siku tatu. Mama yuko hedhini. Wakulima hawaigusi ardhi kwa jembe, kwa sababu ardhi na mama ni kitu kimoja. Siku ya nne milango inafunguliwa, na mahujaji waliolala nje kwenye matope wanagombea kipande cha nguo nyekundu iliyomfunika. Sherehe hiyo ndiyo Ambubachi. Fikiria: katika nchi ambako mwanamke aliye hedhini kwa desturi haingii hekaluni, hekalu hili kubwa linaabudu hedhi yenyewe. Wapo Wahindu wanaouliza kwa sauti kwa nini iwe hivyo, na majibu wanayopewa hayawaridhishi wote.

Kalika Purana haifichi kwamba kabla ya Waarya, watu wa Kisanskriti, kufika, kilima hicho kilikuwa cha Wakirata, watu wa milimani. Wapo wataalamu wanaoona hata jina Kamakhya lina asili ya lugha za makabila ya huko, kama Wakhasi, ambao hadi leo ukoo wao unafuata upande wa mama. Wenyeji wana hekaya ya mfalme Naraka, aliyetaka kumwoa mungu huyo. Akaambiwa: jenga ngazi ya mawe kutoka chini hadi kileleni kwa usiku mmoja, kabla jogoo hajawika, na mimi ni wako. Naraka akajenga kama mwendawazimu, akakaribia kumaliza. Mama akaona mambo yanaharibika, akamfinya jogoo awike mapema. Ngazi ikabaki haijakamilika, na ipo mpaka leo, mahujaji wanaipanda. Jogoo maskini alifukuzwa na Naraka akachinjwa.

Sasa utaelewa kitu ambacho umekiona Tanga bila kukijua. Wakati wa Navratri, zile siku tisa ambazo shangazi yako na wenzake wanacheza kwa kuzunguka duara na kupiga makofi, zamani katikati waliweka chungu chenye matundu na taa ndani. Chungu hicho na mchezo wenyewe, garba, vinatokana na neno garbha, tumbo la uzazi. Chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Kihindu, kile kisicho na dirisha, huitwa garbhagriha, nyumba ya tumbo la uzazi. Kwa hiyo shimo la Kamakhya, kishubaka cha Ambaji na kile chungu vinasema lugha moja, na kuitamka hakuhitaji sanamu.

Kiti kimoja zaidi, kwa sababu orodha ya Kibengali inaanzia nacho na watu wengi hawadhani kipo huko. Kichwa cha Sati, kwenye utosi, kilianguka Hinglaj, na Hinglaj iko Pakistani, jimbo la Balochistan, kama kilomita 250 magharibi ya Karachi, ndani ya bonde la mto Hingol. Ni pango, na ndani yake jiwe lililopakwa rangi nyekundu. Zamani mahujaji walikwenda kwa misafara ya ngamia kupitia jangwa. Tangu barabara ya pwani ya Makran ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanafika kwa basi. Kila mwaka mwezi wa Aprili Wahindu kutoka Sindh humiminika, na kabla ya pango hupanda Chandragup, volkano inayotoa matope, wakatupa nazi ndani ya lile tope linalochemka polepole, huku wakiungama makosa yao. Wabaluchi Waislamu wa pale wanapaita mahali pa Nani. Nani ni bibi mzaa mama. Safari hiyo wanaiita hija ya Nani, na kati yao wapo wanaolinda na kuhudumia mahujaji. Kabla ya mwaka 1947, India na Pakistani zilipotengana, Wahindu wa Kachchh na Gujarat nao walikuwa wakienda; siku hizi ni wachache mno wanaopata viza, kwa hiyo ukoo unaomfuata Hinglaj unamjengea hekalu huku upande wa pili wa mpaka. Sharada, ile ya Abul Fazl, imebaki magofu upande wa Kashmir unaoshikwa na Pakistani.

Shangazi yako atakaporudi, usianze na Deoghar. Mwulize kwanza kama Gabbar alipanda zile ngazi 999 kwa miguu au alipanda vile vibanda vinavyopita kwenye waya. Kama alikwenda kwenye mwezi mpevu wa Bhadarvo, Agosti au Septemba, atakusimulia barabara zilizojaa watembea kwa miguu na bendera zao nyekundu, wakiitikiana "Bol mari Ambe, jai jai Ambe", na vibanda vya chai vya bure njiani. Halafu tazama boksi atakaloleta. Sadaka ya Ambaji ni mohanthal, tamutamu ya unga wa dengu, sukari na samli nyingi, nzito mkononi. Mwezi Machi 2023 hekalu liliiondoa na kuanza kutoa chikki, ambayo kwa Kiswahili chetu ni kashata tu, kwa hoja kwamba haiharibiki upesi na inaweza kutumwa mbali. Gujarat ilifoka mpaka siasa ikaingia, na mohanthal ikarudishwa, ikawekwa pamoja na hiyo kashata. Kwa hiyo mwulize amebeba ipi.